Ndoo za Maua Shambani Mwangu

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada ujue kwanza unaongea na nani, nina miaka themanini na mmoja, nimewazika wake wawili na ndugu wanne, nimemzika hata daktari aliyenikataza tumbaku, meno yangu yote yametangulia na mimi nipo, na ng'ombe hazeeki maini, mti nikiupanda mimi unashika.

Shida yangu ni matunda. Miaka mitano iliyopita nilikwenda kwenye kitalu kuchagua miche wakanionjesha tunda jipya, mama yake plamu baba yake aprikoti, ganda zambarau linalokaribia weusi, ndani nyekundu kama kaa la moto, na utamu wake mshauri, ukiling'ata unanyamaza. Nikasema ni hili tu, nikapanda mteremko mzima aina hiyo peke yake, na mnunuzi nikamwambia jiandae na lori.

Miti ikachanua mpaka wapita njia wanasimama kutazama, matunda hakuna. Mwaka wa pili vilevile, maua yanadondoka kama vipande vya karatasi, tunda hata la kumpelekea mgonjwa hakuna. Nikalaumu mbolea, nikalaumu upepo, nikamlaumu mwanangu. Mke wake ndiye akafungua mdomo, "Baba, kidole kimoja hakivunji chawa. Hii miti yote ni mti mmoja uliokatwa vipande, itaoana vipi? Inataka mgeni." Mgeni gani? Akanionyesha plamu chachu iliyojiotea nyuma ya choo, ile ambayo hata ndege akiionja anajuta. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikamwambia mbele ya watu, "Kichaka hicho kikiizalisha miti yangu, shamba hili utachagua wewe cha kupanda, mimi nitakuchotea maji!"

Msimu uliofuata akakata matawi ya ile chachu wakati maua yanaanza kufunguka, akayatia kwenye ndoo za maji, akazipanga kati ya miti yangu upande wa chini tu, na jirani mfuga nyuki akaleta mizinga. Mimi nikatoa kiti nikae nicheke. Mshauri, sikucheka. Jua lilipopata moto mteremko ulianza kuvuma, nikadhani ni masikio ya uzee, kumbe nyuki. Anaingia kwenye ndoo, anatoka na miguu ya njano, anatua kwenye ua langu anajigaragaza kama mtoto kwenye mchanga, anarudi tena. Kitu kidogo kuliko kunde kinafanya kazi iliyonishinda mimi na jembe langu. Nilivua kofia, na mimi sijawahi kumvulia mtu kofia.

Upande wa chini umezaa mpaka matawi tumeyawekea magongo. Upande wa juu ni majani matupu. Nikasema basi matunda yatakuwa machachu kwa ile damu ya chooni, nikaiba moja nikajificha nyuma ya tangi, nikala. Tamu, tena ileile ya kwenye kitalu. Machozi yalinitoka nikiwa peke yangu na kokwa mkononi.

Sasa mkamwana anadai neno langu. Anataka kung'oa kila mstari wa tatu apande ile chachu. Nikikataa wanahama, yeye na mwanangu na wajukuu, wakaanze shamba lao. Nikikubali, mimi nawekwa wapi? Usidhani naongopa, mfuga nyuki aliona yote kwa macho yake, na shemeji yangu ambaye tangu azaliwe hajanisifu ndiye aliyekata yale magongo, waulize.

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Umeona jambo ambalo wengi wenye mashamba hawakai chini kulitazama, likakutoa machozi, halafu unaniandikia mimi badala ya kumwambia aliyekuonyesha! Aibu hiyo mzee.

Ulichagua tunda kwa ulimi, na ulimi wako haukukosea. Ulichokosea ni kudhani mti mtamu hauhitaji mwenzake. Mwenzake huyo hachaguliwi kwa utamu, anachaguliwa kwa kuchanua wakati mmoja naye, na chavua ya mti mchachu haifanyi tunda lako kuwa chachu. Umelila mwenyewe, unajua.

Mkamwana naye nina lake, msomee: mama, using'oe mti unaoweza kuzaa. Nimemuuliza bwana shamba, anasema chagueni miti michache kila mstari, kila mmoja muubebeshe tawi moja la plamu chachu, yaani mlipachike kwenye mti lishike humo, na tawi hilo mlipake rangi wachumaji wasichanganye. Mpaka matawi hayo yachanue, endeleeni na ndoo, juu na chini. Mizinga iingie maua ya kwanza yakishafunguka, na mtu asipulize dawa mpaka maua yaanguke.

Lakini wa kuamua ni yeye. Ulitamka mwenyewe, hakuna aliyekushika ulimi. Waite walewale waliokusikia, mkabidhi kisu cha kubebeshea, na umwambie kwamba tunda lake ulilionja na ni tamu. Nadhani neno hilo analisubiri kuliko shamba. Unauliza utawekwa wapi? Utawekwa mezani na wajukuu zako, mzee, unataka wapi tena?

Usingoje msimu. Mwambie leo, kabla hajafunga mizigo.