Twyla na Orrin juu ya marobota

Lavonne, haya kanisimulia mjukuu wangu Twyla mwenyewe mchana huu. Angekufa leo!

Aliacha gari barabarani, akaenda kumrudishia waya jirani yetu Orrin. Akakuta geti la malisho liko wazi, akaliacha wazi. Ndivyo tulivyomlea: geti la mtu uliache ulivyolikuta. Kumbe upepo ndio uliolifungua. Fahali wa rodeo, yale mashindano ya kupanda mafahali wakali, akaingia nyuma yake.

Yule yule aliyemvunja mtu mbavu!

Twyla akapanda juu ya marobota ya nyasi. Orrin akaja mbio kumwokoa, naye akaishia huko huko juu. Saa tatu nzima, Lavonne! Jua kali, maji hakuna, fahali anapiga pembe chini, marobota yanayumba.

Na Orrin huko juu anasema, "Twyla, nataka nikuoe."

"Mungu wangu, Orrin! Umengoja mpaka nikose pa kukimbilia?"

"Ningekuuliza barabarani ungewasha gari."

"Basi nyamaza. Huku juu sijibu. Utadhani fahali ndiye aliyenisemesha."

Yaani kifo kiko chini yao, na bado wanabishana!

Fahali alipoenda kunywa maji mtoni, wakashuka. Orrin akamsindikiza hadi kwenye gari, akamfungulia mlango, akarudi nyuma ampishe.

Nikamuuliza Twyla, "Ukakimbia?"

"Nilikimbia, Bibi. Nikafika darajani, nikazima gari, nikalia. Halafu nikarudi nikamwambia ndiyo."

Lavonne, ndiyo!

Nikageuka kumuuliza harusi lini, kumbe keshalala kitini, mdomo wazi.