Mashine ya Watu Wawili

Jumatatu, 5 Mei
Mvua tangu asubuhi. Majani mazito, kikapu kinavuta mabega. Msimamizi wetu, Bwana Langat, amesema wanataka wanawake wawili wa kushika mashine ya kuchuma chai. Mshahara uko juu kuliko wa kuchuma kwa mkono. Jirani yangu Chebet akainua mkono wake, kisha akainua wangu. Hakuniuliza. Sikukataa.

Jumatano, 7 Mei
Mafunzo. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mashine inapita juu ya mimea katikati. Moshi wa petroli. Jioni pale mferejini, tukiteka maji, wenzetu hawakutusalimu. Wanajua mashine moja inaondoa wachumaji wengi. Mimi pia najua.

Jumamosi, 17 Mei
Malipo ya kwanza. Ni kweli, yamezidi. Chebet anataka mabati ya nyumba anayojenga kwao Kiptere. Mimi nina binti yangu Achieng, mwaka wa pili chuoni Kabianga. Sababu tunazo.

Alhamisi, 22 Mei
Leo nimeshindwa kufunga vifungo vya sweta. Vidole vimekufa ganzi kwa mtikisiko wa mashine. Mwandiko huu ni kama wa mtoto.
Jambo lingine. Miaka minane nimechuma kando ya Chebet na kila siku tulikuwa tunapiga stori. Mume wake, Achieng wangu, mahubiri ya Jumapili. Sasa injini inanguruma kati yetu kutwa nzima. Tukirudi nyumbani masikio yanalia na kila mtu anaingia kwake. Nyumba zetu zimeshikana ukuta. Sijui alikula nini wiki hii.

Jumatatu, 26 Mei
Nimeomba kwenda nasari ya chai, kujaza udongo kwenye vifuko na kupanda miche. Ndiyo kazi ya mshahara wa chini kabisa hapa. Langat alicheka kidogo.
"Mama Achieng, watu huomba kupanda. Wewe waomba kushuka?"
Nikamwambia ndiyo. Amenipa hadi Ijumaa nifikirie. Bila mwenzake, Chebet atarudi kwa kikapu.

Jumanne, 27 Mei
Nimemwambia Chebet. Alikuwa anamenya viazi mlangoni pake. Hakukasirika, na hilo likanisumbua zaidi.
"Vumilia hadi Desemba."
"Sihisi vidole, Chebet."
"Hata mimi sihisi. Nimenyamaza tu."
Akaendelea kumenya. Nikatazama vizuri. Alikuwa ameshika kisu kwa ngumi, kama mtu anayeshika jembe.
Nilimwomba tuondoke pamoja. Akasema hapana. Ganzi ataishi nayo, nyumba ya kukodi amechoka nayo. Amepima vyake, nami nimepima vyangu.
Nina aibu. Lakini sijabadilisha nia.

Ijumaa, 30 Mei
Nimetia sahihi fomu ya kuhamia nasari. Langat amepata wa kushika upande wangu: Joyce, yule aliyekuwa akitugeuzia mgongo mferejini. Simlaumu. Chebet anabaki kwenye mashine.
Nilimpigia Achieng simu. Nikamweleza pesa za chumba chake hazitatosha tena. Akasema: "Nitahamia chumba cha akina Mercy. Wako watatu, nitakuwa wa nne." Kisha akauliza kama naweza kushika kijiko. Nikasema naweza. Sikumwambia ni kwa mkono wa kushoto.

Jumanne, 3 Juni
Nasarini kumetulia. Wazee wawili na mimi, kila mtu na kigoda chake. Hesabu ya mshahara wa mwisho wa mwezi inaniudhi tayari, na mwezi ndio umeanza. Hata hivyo nimelala vizuri.

Jumatano, 18 Juni
Vidole vitatu vimerudi. Kidole gumba bado.
Saa ya chakula Chebet alikuja hadi nasari, ingawa ni mbali na shamba lao. Aliketi kwenye gunia la mbolea. Akasema Joyce ana nguvu, ila anatembea haraka mno. Akasema mabati yamefika. Nikamwambia nimefurahi, na ni kweli.
Kisha akajaribu kufungua thamosi yake ya chai, akanisogezea. Nikaifungua, nikammiminia. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili.