Bibi Pasi, Kwa Nini Ulikuwa Unatushusha Pale Mteremkoni?

Mwaka umezunguka, Bibi, tangu mchana ule uliposema unajilaza kidogo kunyoosha mgongo, ukaacha buti zako za kupandia farasi mlangoni, na hukuamka tena. Buti bado ziko palepale. Babu hataki ziguswe. Kila mgeni anayeingia anajikwaa, halafu anaziomba radhi.

Tulikaa sebuleni kupanga kumbukumbu hii. Shangazi akasema niandike mimi, mjukuu wako, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Baba akakohoa. "Aliyesoma nusu," akasema. Shangazi akamjibu, "Basi aandike, maneno matamu yote yako nusu ya kwanza." Ungekuwepo ungecheka mpaka miwani ianguke.

Tuanze na habari za nyumbani. Mume wetu hajambo, mke mwenzangu. Amejifunza kupika chai. Maji anayachemsha vizuri sana, ila majani ndiyo husahau.

Ulinyoosha mashuka ya hospitali maisha yako yote, kule chini kwenye chumba cha dobi chenye mvuke, na ndiko walikokubatiza Pasi. Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Wewe ukaenda kwenye banda la farasi, nyuma ya kiwanda cha matofali, "kuuliza tu". Kuuliza tu ndiyo ilikuwa kazi yako ya pili. Fundi bomba alikuwa hatoki kwetu bila kukuonyesha kilichoziba. Daktari wa meno ulimwomba kioo ujionee mwenyewe analochimba. Na siku ile ulimuuliza mwenye banda, "Hivi farasi akipandwa na mtu mzito kama mimi, anajisikiaje?" Akakujibu, "Mama, panda, halafu muulize mwenyewe."

Ukapanda. Baada ya muda ukaanza kuvuta wenzako mmoja mmoja, wanawake watupu, ndipo kikazaliwa chama chenu, Kina Mama wa Kwato. Mazulia ya kuweka chini ya tandiko ulikuwa unayakunja kama mashuka ya wodini, pembe kwa pembe, na ole wake atakayerudisha moja limekunjamana. Kila safari ya pamoja ilikuwa na utaratibu wako: farasi kwa mstari, nafasi ya farasi mmoja kati yenu, ukiinua mkono wote wanasimama, na ukisema "tawi!" kuonya kuna tawi la chini, neno linapokezwa nyuma mpaka kwa wa mwisho. Mbele ulikuwa wewe na yule farasi jike wako wa kijivu uliyemwita Mama Mkwe, kwa sababu hapendi kupitwa wala kuharakishwa.

Halafu kulikuwa na pale.

Pale tunapotoka kwenye miti, njia inapopanuka na kuanza kuteremka kuelekea lango la kurudi bandani. Hapo, mvua au jua, ulikuwa unainua mkono. "Akina mama, chini!" Wote tunashuka, tunashika hatamu, tunatembea kwa miguu na farasi zetu ubavuni mpaka langoni. Hapo tunapanda tena, tunaingia bandani tumekaa wima kama mabibi harusi. Mtu angetuona angedhani tumetoka vitani tumeshinda.

Siku nilipojiunga nilikuwa ndiyo nimeacha chuo katikati, na nilikuuliza papo hapo. "Bibi, tunashuka kwa nini?" Ukaniambia kuna nyuki. Safari iliyofuata ukasema Mama Mkwe ana deni la kusali hapo. Safari nyingine ukasema buti zako zinapenda udongo wa pale. Nikakuganda kama kupe. Ukasimama, ukanitazama, ukasema, "Mke mwenza, nitakwambia siku utakayomaliza chuo."

Ulijua mahali pa kunibana, wewe mzee.

Ukaondoka na jibu lako. Na hatukujua kwamba swali hilo lingekuja kukivunja chama.

Baada yako wakamchagua Msusi awe kiongozi. Unamjua, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Katika kikao cha kupanga safari ya kumbukumbu yako, mle kwenye chumba cha matandiko kinachonuka ngozi na jasho la farasi, jambo lake la kwanza lilikuwa hilo. "Kuanzia sasa, pale mteremkoni hakuna kushuka. Tunapoteza muda. Wageni wanatucheka. Tunapanda farasi au tunawatembeza kama mbwa?"

Nesi, yule wa wodini, akaweka kikombe chini. "Desturi ya Pasi haifutwi."

"Sababu yake ni nini? Nitajie moja."

"Desturi ni desturi."

"Hiyo siyo sababu, dada. Hiyo ni sindano bila dawa."

"Sindano nitakuchoma wewe! Futa hiyo desturi, nivue buti nirudi kwangu. Na sitarudi peke yangu."

Walianza kuhesabiana nani yuko upande wa nani. Mwalimu, yule mrefu anayefundisha hesabu, alikuwa anatazama dari kana kwamba ameandikiwa kitu huko. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema, "Mimi? Mimi sina neno," akarudisha macho darini. Mpaka tunatoka mle ndani ilikuwa wazi: safari ya kumbukumbu yako ingekuwa ya mwisho ya Kina Mama wa Kwato. Baada ya hapo kila mmoja na kundi lake.

Bibi, iliniuma. Lakini nikikuficha nitakuwa sijakutendea haki: zaidi ya kuniuma, iliniwasha. Watu wazima, wana kazi zao na wajukuu zao, wanagombana mpaka mishipa inawatoka shingoni kwa ajili ya kipande cha njia ambacho mbuzi angekivuka anatafuna. Kwa nini? Msusi anataka kukifuta kwa hasira ya nini? Nesi anakitetea, mbona hasemi sababu? Nikajisemea, hapa pana kitu chini ya zulia.

Jumamosi ikafika. Asubuhi nzuri, ubaridi kidogo. Msusi akampanda Mama Mkwe, akatangulia. Nyuma yake Nesi, halafu Mwalimu, wengine, na mimi mwisho, nikihesabu migongo. Nilimpitishia Msusi chupa ya maji kabla hatujaondoka, akaikataa kama sumu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikashangaa.

Tukapita kwenye miti. "Tawi!" "Tawi!" "Tawi!" Hakuna neno lingine. Siku zako mstari ulikuwa na kelele kama soko.

Tukatoka mwangani. Msusi hakuinua mkono. Akabana miguu, akasema, "Haya, moja kwa moja!"

Mama Mkwe akasimama.

Msusi akampiga visigino. Akampigia ulimi. Akamwita majina ambayo siwezi kuyaweka kwenye kumbukumbu ya marehemu. Mama Mkwe akainamisha shingo, akaanza kula majani taratibu, kama mtu aliyefika ukweni na kukuta meza imeandaliwa. Na farasi wote nyuma yake wakasimama, kwa nafasi ya farasi mmoja, kama ulivyowafunza.

Nesi hataki kushuka mpaka aambiwe. Msusi hataki kusema. Mwalimu ameshika tandiko kwa mikono yote miwili, vidole vimebadilika rangi. Nikashindwa kuvumilia.

"Samahani, mama zangu. Kwani hapa tulikuwa tunashuka kwa ajili ya nani?"

"Mimi," akasema Nesi.

"Mimi," akasema Msusi.

"Mimi," akasema Mwalimu, kwa sauti ndogo kuliko zote.

Wakageukiana juu ya farasi, Bibi, na sijawahi kuona shingo zinazogeuka kwa kasi namna ile.

Ikabidi waseme. Nesi ni goti, lile la kusimama wodini miaka yote. Mguu ukikaa muda mrefu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, goti linakufa ganzi, na alikuwa amemficha kila mtu isipokuwa wewe. Mwalimu anaogopa mteremko. Kupanda anapanda, tambarare anakwenda, ila farasi akiinamisha shingo kushuka, roho inamtoka. Alikunong'oneza kabla ya safari yake ya kwanza, na wewe ukamwambia, "Usijali, nitapanga kitu." Nesi akapiga paja. "Hata mimi! Maneno hayohayo! Usijali, nitapanga kitu!"

Na Msusi. Msusi ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba nisimwite mzee. Tangu mtoto wake wa mwisho, mtikisiko wa farasi na kibofu chake haviivi chungu kimoja. Pale mteremkoni upande wa kushoto kuna kichaka kizuri chenye majani mengi. Na nani alimwambia atapanga kitu? Wewe.

"Nikaona aibu," Msusi akasema. Sauti ilikuwa siyo ile ya kikaoni. "Msafara mzima unasimama, watu wanashuka, magoti yanauma, kwa ajili yangu mimi kwenda kichakani. Pasi alipokuwepo niliweza. Sasa nani anibebee aibu hii? Nikasema bora nifute. Sijanywa maji tangu jana jioni."

"We mwanamke," Nesi akasema, "ulitaka kutuvunjia chama kwa sababu ya mkojo?"

"Na wewe ulitaka kukivunja kwa sababu ya goti!"

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mpaka farasi wake akageuka kumtazama. Halafu Msusi akainua mkono, juu kabisa, kama wako. "Akina mama, chini! Na mtu asinifuate." Akaruka, akakimbilia kichakani, na sisi tukashuka tukicheka na kulia kwa pamoja. Tulitembea polepole mpaka langoni, wawili wawili, goti likajinyoosha, na kelele zikarudi. Tulipofika langoni hakuna aliyekumbuka kwamba chama kilikuwa kinavunjika.

Lakini mimi nilikuwa bado nawashwa. Bandani nikamuuliza mwenye banda, huku tunafungua mikanda ya matandiko: Bibi alianza kushuka pale lini? Akafikiri. "Tangu mara ya kwanza kabisa. Chama hakijawa chama. Alikuwa peke yake na mimi."

Umeona, Bibi? Kabla ya goti, kabla ya hofu, kabla ya kichaka. Ulikuwa unashuka kwa sababu yako mwenyewe, na sababu za wengine ukaja kuziweka ndani yake, kama foronya inayoingizwa mito mingi.

Nikaenda nyumbani mbio. Babu alikuwa jikoni, ananyoosha shati lake kwa pasi yako, anatengeneza mikunjo mipya mingi kuliko anayoiondoa.

"Babu, Bibi alikuwa anashuka pale mteremkoni kwa nini?"

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Najua tangu siku ya kwanza. Aliporudi alinisimulia, tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta."

"Niambie basi!"

Akaweka pasi wima, akanitazama kwa yale macho yake ya kizee yasiyo na hatia. "Umemaliza chuo?"

"Babu!"

"Mke mwenzio aliniapisha. Hapa hapa, nimeshika hii pasi. Na ilikuwa ya moto."

Nimejaribu kumhonga, nimejaribu kumchosha, nimemfichia miwani. Hatoboi siri. Afya yake ni nzuri, tunamshukuru Mungu, lakini naye siyo kijana, na mahesabu hayo unayajua ulivyoyapiga. Juzi nikajikuta nimesimama kwenye dirisha la usajili chuoni. Karani akaniuliza sababu ya kutaka kurudi. Nikamwambia, "Kuna jambo la kushuka kwenye farasi." Aliisoma fomu yangu upya. Halafu akapiga muhuri.

Umenipata, Bibi. Mimi niliyejiona bingwa wa kutega watu nyumba nzima, umenitega ukiwa umelala.

Unakumbukwa na mume wako, ambaye ni wetu. Watoto wako, yaani Baba na Shangazi. Wakwe zako wote, pamoja na Mama Mkwe ambaye hula majani tu. Wajukuu zako, yule wa nusu akiwa mbele. Wenzako wa chumba cha dobi. Na Kina Mama wa Kwato, ambao bado ni chama kimoja.

Hakuna siku itakayokufuta mioyoni mwetu. Tukifika pale, tunashuka.