Mwiko Uliolika Kulia

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Mama, picha zangu zitatundikwa ukumbini mwezi wa sita! Nimechora vyombo vya jikoni kwako: ungo, chungio, sufuria iliyobonyea. Mwiko nimeuchora peke yake, mkubwa kama mlango. Mwalimu wangu aliutazama hadi chai ikampoa. Nakutumia picha ndogo ya mwiko huo.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Kifua ni kilekile, lakini nipo. Ati watu wazima watavaa viatu vizuri kwenda kutazama mwiko wangu? Si ungeniambia niusugue kwanza! Nimecheka hadi kikohozi kikanishika.

Ni mzuri, mwanangu. Hata ufa wa mpini umeukumbuka. Ila nikwambie? Wangu umelika upande wa kulia, maana nakoroga kwa mkono wa kushoto. Huo wako umelika kushoto. Ni wa mama mwingine. Usiudhike, miaka tisa ugenini si mchezo. Njoo uutazame mwenyewe.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako imeniliza. Nimewezaje kusahau mkono wako? Lakini kuja sasa siwezi, kazi imenibana. Tafadhali nitumie mwiko wenyewe kwa posta nirekebishe picha. Mwezi wa saba nitakurudishia kwa mkono wangu.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwiko ndio huo. Nilikuwa nakutaka wewe jikoni, lakini basi, kazi ni kazi. Kaka yako kaninunulia mpya, bado hatujazoeana. Chora vizuri.

Mama yako

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Picha imekamilika, sasa mwiko ni wako kabisa. Jana bibi mmoja alisimama mbele yake akalia, wala hakusema kwa nini. Mwiko bado unanukia moshi wa jiko lako, naulaza kando ya mto wangu wa kulalia. Tiketi nimekata, Mama. Nakuja.

Mwanao

17 Juni

Dada,

Pole sana. Barua yako nimeifungua mimi. Yangu ya kukuarifu nadhani imepishana nayo njiani. Mama tulimzika tarehe nne. Nilitaka kukuita mapema, akanikatalia: "Mwache amalize mwiko wangu." Nisamehe kwa kumsikiliza.

Njoo hivyo hivyo. Ule mwiko mpya upo jikoni. Nimeugeuza huku na huku, haujalika popote.

Kaka yako