Mei, Wamelisoma Jina la Hamisi

Shoga yangu Mei,

Kiswahili ulikisema kwa kuvunjavunja, kukisoma ndiyo kabisa hukuweza. Hata hivyo nakuandikia, maana nikinyamaza nitapasuka.

Jumapili wamekufanyia kumbukumbu. Wale wale! Wafanyabiashara wa kwenu waliokuwa wakikuona tu, wanavuka barabara kukukwepa, leo wamekodi ukumbi Newtown, katikati ya jiji hili la ugenini, wametundika picha yako kubwa, na kila anayeshika kipaza sauti anasema, "mwandishi wetu." Eti wao! Nilikaa nyuma na mtandio wangu.

Nikakukumbuka kwenye lile duka la mablanketi, wewe keshia, kaka yangu Hamisi mpakizi. Mteja akitoka, unaandika. Hadithi zako za mwanzo zilikuwa za maharusi wa kijijini kwenu, zikachapishwa huko China, na hapa kila Mchina akakupenda. Hamisi alikufundisha kusema shikamoo, ukawa unawaamkia hata watoto wadogo wa mtaani kwetu La Rochelle, tunacheka mpaka machozi.

Kisha ukaja moto. Jioni ile vijana walibaki kupanga mzigo, na tajiri wenu, Mchina mwenzako, akafunga mlango kwa nje kama kawaida yake, kwa kuogopa majambazi. Wewe ulishafika nyumbani. Hamisi alimpigia tajiri, hakupokea. Akakupigia wewe. Ulikimbia hadi pale simu ikiwa sikioni, ukamsikia mpaka asisikike tena.

Muda mrefu hukuandika hata mstari. Ulipoandika tena, kikatoka kile kitabu cha moto ule. Kwenu kilisifiwa sana. Hapa ulifukuzwa kazi, ukaitwa msaliti aliyewaanika wenzake. Ukahamia chumba cha uani jirani yangu, ukafundisha watoto Kichina, ukaandika vitabu vingine viwili kabla saratani haijakulaza. Nilikuuliza siku moja, "Mei, si urudi kwenye maharusi wako, upate amani?" Ukasema, "Nikinyamaza, Hamisi atakuwa amenipigia bure."

Sasa sikiliza. Walimwomba binti yako Anna asome kurasa za harusi. Akapanda jukwaani, akafungua kile kitabu walichokichukia. Mimi Kichina sijui, lakini nililisikia jina la kaka yangu. Hamisi. Tena Hamisi. Viti vikaanza kuburutwa, watu wakatoka. Mtu akazima kipaza sauti. Mwanao akapaza sauti yake, akaendelea mpaka mwisho.

Mstari wa mbele alibaki mtu mmoja. Tajiri. Amezeeka, anatembea kwa mkongojo. Alinifuata mlangoni.

"Dada, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu," akasema. "Simu niliiona. Nilidhani anataka ruhusa ya kwenda nyumbani. Nisamehe."

Eish, Mei. Nilijifunga mtandio, nikatoka. Nilisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, zikabadilika na kubadilika, watu wananipita. Mpaka leo sijamjibu. Wewe ungemjibu nini? Wewe ndiye uliyeniambia umemwandika tajiri kitabuni, yuko peke yake dukani anamlilia Hamisi, nami nikakukasirikia kwa kumpa machozi.

Kuna na hili. Jumamosi Anna huja kwangu. Yeye ananieleza kitabu chako kwa Kiingereza, mimi nakiweka kwa Kiswahili, kwa ajili ya mama yangu kule Tanga. Tumefika kwenye moto, na hapo kalamu imegoma. Mama tulimwambia mwanawe alivuta moshi usingizini, hakujua lolote. Miaka yote amelalia maneno hayo. Na wewe umeandika kwamba Hamisi aliogopa, akaita, "Mama, mama yangu," na ukamwitikia wewe kwa Kiswahili chako kibovu: "Nipo, mwanangu." Anna aliponieleza hilo, nililia kama siku ya msiba.

Anna anasema tunaweza kuruka ukurasa. Nilitaka kukubali, wallahi. Lakini mama hujiuliza kila Ramadhani nani alikuwa na mwanawe saa ile, nami humjibu hakukuwa na mtu.

Basi lala, shoga yangu. Mungu akupe utulivu ambao sisi tulikunyima. Nakuahidi: sitauruka ukurasa ule. Nitaupeleka Tanga mwenyewe, nitakaa mkekani karibu na mama, nitamshika mkono, na nitamsomea kwamba mwanawe aliita mama, na akaitikiwa.

Mimi wako,
Mwanahawa