Gitaa la Mjomba Wilf Redioni

Mtaa wa Aldensley,
Hammersmith, London.
Machi 9, 1966

Mpendwa binamu Beryl,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye ukungu hadi huko kwenu Adelaide kwenye jua. Wewe na Ron hamjambo? Na yule mdogo, kifua kimemwachia? Sisi tu wazima, ila mvua haijatupa nafasi tangu Krismasi na nguo tunaanika jikoni. Mama yako hajambo kabisa. Baba yako naye mzima, ukiondoa ile baridi yabisi ya vidole, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Afadhali uzisikie kwangu kuliko kwa mwingine.

Picha za nyumba yenu zimefika. Mke wangu Doreen anasema bustani yenu inalishinda kanisa letu kwa ukubwa.

Unajua mjomba, huyo baba yako, ndiye aliyenifundisha gitaa, nami nikamfuata studioni. Kazi yetu hii haina jina. Unaitwa asubuhi, unawekewa noti za muziki mbele yako, unapiga, na jioni pengine hata mwimbaji humjui. Kwa miaka mingi, aliyetaka gitaa la jazi London alimpigia simu mjomba. Siku hizi vidole vyake vya kushoto vinavimba, lakini alikuwa akivificha ndani ya glavu akisema ni baridi tu.

Januari alirekodi wimbo mmoja wa polepole, wenye gitaa peke yake pale katikati. Akarudi nyumbani akijua kazi imekwisha. Jioni ile ile mwenye bendi, Bwana Prewett, akanipigia simu.

"Cliff, njoo na gitaa lako. Sehemu ya mzee haifai. Na usimwambie, utamuua."

Nilikwenda, Beryl. Nilijiambia kwamba nikikataa watamwita mtu baki, afadhali mtu wa nyumbani. Lakini ukweli ni kwamba nilipoketi kwenye kiti cha mjomba nilifurahi. Nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga maishani mwangu. Hilo ndilo linalonitafuna.

Santuri ikatoka, watu wakaipenda. Jumapili moja tulikuwa kwa wazazi wako tukila nyama na viazi, redio ikaipiga. Mjomba akaweka uma chini, akaisikiliza mpaka gitaa lilipokwisha.

"Mmesikia hiyo?" akasema. "Nani kasema mzee amekwisha?"

Mama yako akamshika bega. Mimi nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Akaanza kuisimulia santuri hiyo kule baa, wazee wenzake wakamnunulia bia. Kisha akaniambia amekubali kwenda na bendi moja kwenye miji ya pwani kiangazi chote, apige kila usiku, maana santuri imemwonyesha kwamba mkono bado upo. Hapo nikaona nikizidi kunyamaza nitakuwa nimempeleka mwenyewe akaaibike mbele za watu. Nikaenda nyumbani kwao, nikamkuta akijipaka dawa vidoleni, nikamwambia yote.

Hakupandisha sauti. Alikifunga kile kikopo cha dawa taratibu.

"Kalete gitaa."

"Mjomba..."

"Kalete, nimesema. Nipigie ile sehemu."

Nikapiga. Akataka tena. Nilipomaliza alikuwa akitazama dirishani.

"Nilidhani nimepona," akasema. "Siku zote hizi nasikiliza redio, nadhani nimepona."

Heri angenizaba kofi. Mama yako alituletea chai, ikapoa mezani.

Baada ya hapo hakutaka kuniona. Nikibisha hodi mama yako ananiambia amelala, nami namsikia akitembea juu. Hata Jumamosi iliyopita akaniita baa. Nilikwenda kama anayekwenda kuhukumiwa. Stan, rafiki yake wa siku nyingi, akamtania nilipoingia tu: "Wilf, mpwa wako kaja kuchukua somo?"

Mjomba akasimama. Glavu alikuwa amezivua, vidole vyote viko nje.

"Ile santuri si mimi," akasema. "Ni huyu, mtoto wa dada yangu. Bia mlizoninunulia mnidai mimi, pongezi mpeni yeye."

Wakacheka, wakanipigapiga mgongoni. Alipoketi akaniinamia sikioni. "Kazi ungeikataa ningekuona mjinga. Lakini ungeniambia siku ile ile, Cliff. Siku ile ile."



Safari ya pwani ameivunja. Simu zilizokuwa zikilia kwake sasa zinalia kwangu, nami kila nikipokea nataja jina langu kwa sauti ya chini kama mwizi. Sikuombi unitetee. Nakuomba tu umwandikie yeye mwenyewe, si kupitia kwa mama yako, na mkono usiutaje.

Juzi nilimwomba aje studioni Ijumaa, akae tu anisikilize, aniambie ninapokosea. Akasema atafikiri. Asubuhi hii mama yako kanipigia: mjomba kapeleka suti yake kwa dobi. Sijui nitapigaje mbele yake, Beryl, lakini kiti nitamwekea.

Doreen anawasalimu wote. Msalimie Ron, na watoto uwabusu kwa niaba yetu. Mungu awalinde ng'ambo hiyo ya dunia, na atupe siku ya kuonana.

Ndimi nduguyo akupendaye kwa moyo wote,
Clifford