Weusi Chini ya Macho Yangu

Maguu, Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na moyo wangu ni mzito vilevile.

Leo shangazi yake Damiani amepanda kutoka Lipingo, kule ziwani, kuja kunitazama. Damiani ni mchumba wangu, yuko Songea kwenye useremala, na neno la mwisho la ndoa yetu analo huyu shangazi aliyemlea. Mimi wiki tatu nzima nimemwuguza mama kifua, usingizi wa kuungaunga, na chini ya macho pamekuwa peusi kama nimepakwa masizi.

Nilijua weusi huo ungetoa siri.

Basi nimehangaika. Nimefunika macho kwa majani ya chai yaliyopoa, nimebandika tango, nimelaza vijiko kwenye maji ya kijito nikaviweka machoni. Wapi! Alhamisi mke wa mwalimu akaniambia kahawa huondoa. Sisi wa Maguu kahawa tunailima, kuinywa hatujui. Nikachota ule utelezi wa kahawa iliyomenywa, iliyokuwa ikichacha kwenye pipa ikingoja kuoshwa, nikajipaka. Niliungua, macho yakavimba, na weusi uko palepale. Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi.

Kesho yake baba alimpakia mama kwenye baiskeli, akaikokota mpaka Kitura kwa mama mdogo. Tulikuwa tunamficha; mgeni angeambiwa amekwenda kumsalimia mdogo wake. Wazo halikuwa la baba, lilikuwa langu. Niliogopa watu wa ziwani wakisikia kile kikohozi watasema ukoo una kifua kikuu, waondoke. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nimeficha kikohozi chenyewe ili nisikose mapenzi.

Leo nikajipaka poda nene. Shangazi amekuja na usipa mkavu, dagaa wa kwao, kwenye kikapu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogea."

Akalowesha ncha ya khanga yake, akanifuta poda taratibu, jicho moja, kisha la pili.

"Macho haya nayajua. Nilikuwa nayo nilipomwuguza mume wangu. Nani mgonjwa hapa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kusaidia.

"Hakuna, shangazi. Ni moshi wa jikoni tu."

Akajifunga khanga yake vizuri, akasema haya. Ndoa ameikubali. Baba amechinja jogoo, ila finyango yangu nimeirudisha chunguni.

Nimepata mume na kumkana mama siku moja.

Naona aibu hata kuandika. Mama hajui nimesema nini. Pengine sasa hivi anamwuliza mama mdogo kama wageni wameridhika.

Kesho baada ya misa shangazi anateremka Lipingo. Nataka nimwombe tupite Kitura kwanza, amsalimie mgonjwa wangu. Akibadili neno lake, na abadili. Nitathubutu? Poda yote nimeimwaga shambani, kesho anione hivi nilivyo.